Kunyamaza si Idhini: Kuihakiki Hoja ya Watumao Meseji za Biashara Zisizoombwa



Ndugu msomaji, kuna swali ambalo imamu wa Dodoma, awe wa Nunge, wa Majengo au wa Kondoa mjini, hawezi tena kulikwepa. Muumini anaamka kwa ajili ya swala ya Alfajiri, anaitazama simu yake ajue saa, anakuta meseji tatu. Ya kwanza inamtaka abashiri matokeo ya mpira ashinde mamilioni. Ya pili inampongeza kwa kukubaliwa mkopo ambao hakuuomba. Ya tatu inamuuzia kiwanja nje kidogo ya mji, kwa malipo ya awamu. Hakuna hata mmoja kati ya watumaji hao anayemjua, na hakuna aliyemwomba ruhusa. Je, ipi hukmu ya jambo hili?

Jawabu la wenye biashara ni fupi, na kwa masikitiko limeanza kusikika hata kwa baadhi ya wanafunzi wa elimu. Wanasema: mtu huyo aliitoa namba yake kwa mkono wake, na hajasema hataki. Kunyamaza kwake ni kuridhia. Akichoka atajiondoa.

Hoja hii ndiyo tunayokusudia kuihakiki, kwa sababu ndiyo nguzo iliyobeba jengo zima. Hatutaki kuishia kulalamika kwamba meseji ni nyingi na zinachosha. Kuchoshwa peke yake si dalili ya kisheria, na mfanyabiashara Mwislamu ana haki ya kuambiwa kwa hoja kwa nini jambo alilolizoea lina kasoro.

Tuanze na hilo la kuitoa namba kwa mkono wake. Ni kweli, lakini tazama inatolewa wapi. Tangu mwaka 2019 laini ya simu husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha Taifa, na kuanzia tarehe 20 Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kufungwa. Mwenye kutuma au kutoa fedha kwa wakala huandikwa katika daftari la wakala: jina, namba, kiasi. Anayeingia ofisini huandika namba katika kitabu cha wageni kinachokaa wazi mezani kwa mlinzi, na kila anayefuata anasoma majina ya waliomtangulia. Mkulima wa Kongwa au Mpwapwa anayetaka mbolea ya ruzuku, tangu mpango huo uanze katika msimu wa 2022/23, huandikishwa pamoja na namba yake ya simu. Ni nani kati ya hawa aliyetoa namba yake ili auziwe kiwanja?

Wanachuoni wetu wametufundisha kwamba kinachoruhusiwa kwa dharura hukadiriwa kwa kadiri ya dharura yenyewe. Namba iliyotolewa ili fedha ifike imetolewa ili fedha ifike, basi. Na katika mlango wa wadia, yaani mali iliyowekwa kwa mtu aitunze, mafaqihi wa Kishafii wamesema kwamba aliyewekewa amana akiitumia kwa manufaa yake bila ruhusa ya mwenyewe, ametoka katika hali ya mwaminifu na kuwa mwenye dhamana: kikiharibika kitu, analipa. Wakala anayempa mtu wa tatu picha ya daftari lake ameingia moja kwa moja katika mlango huu. Wala hahitaji kuambiwa "hii ni siri" ndipo iwe amana. Imepokewa katika Sunan za Abu Daud na At-Tirmidhi kwamba mtu akimsimulia mwenzake jambo huku akigeuka kutazama nyuma, basi jambo hilo ni amana. Hali ya msemaji ilitosha kuwa tamko.

Mlango ni mlango

Sasa tuingie katika mlango ambao mafaqihi wameuita isti'dhan, kuomba idhini ya kuingia. Katika Surat An-Nur, aya ya 27 na 28, waumini wamekatazwa kuingia nyumba zisizo zao mpaka waombe idhini na kuwatolea salamu wenyewe. Wakiambiwa warudi, warudi, na hilo ndilo safi zaidi kwao. Ona mzigo umewekwa kwa nani. Mwenye nyumba hakutakiwa abandike tangazo kwamba hataki wageni. Anayebisha hodi ndiye anayetakiwa kungoja.

Ni mashuhuri kisa cha Abu Musa Al-Ash'ari (r.a.) na Umar bin Al-Khattab (r.a.), kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Abu Musa alimbishia hodi Umar mara tatu, hakujibiwa, akarejea. Alipoulizwa akasema kwamba Mtume (s.a.w.) amefundisha hivyo: ukiomba idhini mara tatu usipewe, rudi. Umar akamtaka alete shahidi, na Abu Said Al-Khudri (r.a.) akashuhudia. Wanafunzi wengi hukisoma kisa hiki kwa ajili ya adabu ya hodi au kwa ajili ya mjadala wa habari ya mtu mmoja. Sisi tunaomba kisomwe kwa ajili ya jambo lililo katikati yake: Umar alinyamaza, na ukimya wake haukuwa idhini. Ulikuwa ni kukosekana kwa idhini. Abu Musa aliufahamu hivyo, akaondoka. Lau ukimya ungekuwa ridhaa, angesukuma mlango akaingia.

Kuna hadithi nyingine ya Jabir bin Abdillah (r.a.), nayo ni ya Bukhari. Alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) kwa sababu ya deni la baba yake, akabisha hodi. Akaulizwa: nani? Akajibu: mimi. Mtume (s.a.w.) akalirudia neno hilo "mimi, mimi" kana kwamba limemkera. Hodi isiyo na jina si hodi kamili. Na leo meseji inakuja ikiwa na neno moja la kibiashara mahali pa namba, huwezi kuijibu, huwezi kumpigia, huwezi hata kujua ofisi yake iko mtaa gani. Ni "mimi" ileile, isipokuwa hii inabisha na kuingia kwa pamoja.

Wapo watakaosema: isti'dhan imewekwa kwa ajili ya jicho. Ndivyo ilivyokuja katika hadithi ya Sahl bin Sa'd (r.a.) kuhusu mtu aliyechungulia kwenye tundu la mlango wa Mtume (s.a.w.), akaambiwa kwamba idhini imewekwa kwa sababu ya kuona. Meseji haina jicho, kwa hiyo kiasi hiki kina mwanya. Pingamizi hili lina uzito, na hatulipiti juu juu. Tunajibu kwa mambo mawili.

Kwanza, si kweli kwamba mtumaji haoni. Anayekutumia tangazo la mkopo wiki ile uliyoishiwa, au tangazo la viwanja siku chache baada ya wewe kwenda ofisi ya ardhi, hajakutumia kwa kubahatisha tu kila mara. Mahali fulani kuna orodha, na katika orodha hiyo wewe umeandikwa. Surat Al-Hujurat, aya ya 12, imekataza kupeleleza bila kubagua kati ya kupeleleza kwa jicho na kupeleleza kwa daftari.

Pili, Qur'an yenyewe imetaja sababu nyingine isiyokuwa kumwona mgeni asiyejulikana. Katika Surat An-Nur, aya ya 58, wametakiwa hata watumishi wa ndani na watoto ambao hawajabaleghe waombe idhini nyakati tatu: kabla ya swala ya Alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wanapovua nguo zao, na baada ya swala ya Isha. Hawa ni watu wa nyumba moja, wanaingia na kutoka mchana kutwa. Wakatengewa nyakati ambazo mtu ameachwa na nafsi yake na mapumziko yake. Ikiwa mtoto wa nyumba hana ruhusa ya kuingia ovyo kabla ya Alfajiri, mtangazaji wa bahati nasibu ameipata wapi?

Tukubali hapa kwamba simu si nyumba kwa kila hukmu. Hatusemi kwamba aliyetuma meseji ana hukmu ya aliyeruka ukuta. Tunasema kwamba maana iliyo katika isti'dhan, yaani mtu kuwa na eneo lake ambalo halifikiwi ila kwa ruhusa yake, inapatikana katika simu. Na kwa watu wa uwanda huu wa kati inapatikana kwa namna ambayo wakaazi wa miji mikubwa pengine hawaioni. Katika vijiji vya Chemba, Bahi au Kondoa simu moja mara nyingi ni ya nyumba nzima. Inapelekwa dukani kuchajiwa, inarudi, inapita mkono hadi mkono. Bibi ambaye macho yake yamechoka humpa mjukuu amsomee kilichoingia, kwa sauti. Hapo tangazo la kamari halijamfikia mtu mzima mmoja mwenye akili zake timamu, kama kampuni inavyodai. Limesomwa na mtoto wa darasa la nne mbele ya watu sita wanaongoja chakula. Kumwambia bibi huyo azime simu akikerwa ni kumwambia akose taarifa za mbolea, fedha za mwanawe aliye Dar es Salaam na habari za misiba.

Je, aliyenyamaza amesema?

Tunafika kwenye kiini. Ipo kanuni maarufu katika vitabu vya kanuni za fiqhi, ambayo maana yake ni kwamba aliyenyamaza hanasibishiwi kauli. Imamu As-Suyuti, aliyefariki mwaka 911 Hijria, ameitaja katika Al-Ashbah wan-Nadhair na kuirejesha kwa maneno ya Imamu Shafii (r.a.) mwenyewe. Baadaye Mahanafi wa dola ya Uthmaniya wakaiingiza katika Majalla, kifungu cha 67, pamoja na nyongeza yake: lakini kunyamaza pale panapohitajika kusema huhesabiwa kuwa ni bayana.

Wenye kuitetea hoja ya meseji huikamata nyongeza hiyo. Husema: mteja alipewa nafasi ya kutuma neno la kujiondoa, akanyamaza mahali pa haja, basi amesema. Na wanaongeza hadithi ya bikira, ambaye idhini yake katika ndoa ni kunyamaza kwake.

Hii ni shubha inayostahiki kufunguliwa vizuri. Bikira katika hadithi ile ameulizwa. Walii wake amemwendea, akamtajia mtu kwa jina, akangoja. Kilichomzuia kusema ni haya, na haya ni hali inayojulikana kwa desturi, ndiyo maana sheria ikaupa ukimya wake maana. Ama mwenye simu hakuulizwa kitu kabla. Meseji ya kwanza haikuja kumwomba idhini ya meseji ya pili. Ilikuja ikiwa yenyewe ni tangazo. Mahali pa haja ya kusema hapakuwepo mpaka baada ya kuingiliwa. Wala ukimya wake hauna sababu moja inayoeleweka. Mmoja amenyamaza kwa kuwa hakuisoma. Mwingine hajui kusoma. Wa tatu anaogopa kujibu namba ngeni, na ana haki ya kuogopa, kwani nchi nzima inaijua meseji ya "ile pesa itume kwenye namba hii", na watu wamefundishwa kwamba salama ni kutojibu kabisa. Wa nne hana salio. Ukimya wenye maana kumi hauwezi kubebeshwa maana moja, tena ile inayomfaa mtumaji.

Na ajabu kubwa ni kusikia hoja hii kutoka kwa watu wa madhehebu yetu. Mashafii ndio waliokaza zaidi katika matamko ya mauziano. Kauli mashuhuri ya madhehebu ni kwamba mauziano yanataka ijabu na kabuli, na wakatofautiana hata katika mu'atah, pale mnunuzi anapotoa fedha na muuzaji akatoa bidhaa bila ya kutamka. Imamu Nawawi na wengineo walichagua kusihi kwake kwa kuwa watu wamezoea hivyo. Sasa ikiwa fedha mkononi na bidhaa mkononi zilihitaji mjadala wa karne nyingi ndipo zihesabiwe ridhaa, tutausemaje ukimya wa mzee aliyelala?

Jambo hili lina uzito wa ziada katika huduma zinazokata salio. Ipo mitindo ya kumuunganisha mtu na huduma ya kila siku, iwe nyimbo za mwito, dondoo za mpira au hata dua na hadithi katika mwezi wa Ramadhani, akakatwa shilingi chache kila siku mpaka atakapogundua. Hapa hatuko tena katika adabu. Surat An-Nisaa, aya ya 29, imekataza kuliana mali kwa batili isipokuwa iwe biashara ya kuridhiana. Fedha iliyokatwa bila ridhaa hairuhusiki kwa udogo wake, na kurejeshwa kwake ni wajibu hata kama aliyekatwa hajadai. Kwamba kilichouzwa kilikuwa dua kunaongeza aibu, hakupunguzi dhambi.

Sheria ya nchi na mwenye kubisha hodi

Tukiitazama sheria ya nchi tunakuta msingi mzuri. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 imeweka mahali pamoja hifadhi ya nafsi ya mtu, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake binafsi. Maskani na mawasiliano katika ibara moja: faqihi hatapata tabu kuielewa. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 ikawabebesha watoa huduma wajibu wa kutunza siri za wateja.

Ama Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 20 kinataja ujumbe usioombwa kwa jina, na adhabu yake si ndogo. Ila kosa hilo limefungwa kwenye nia ya kutenda kosa jingine chini ya sheria hiyohiyo. Kwa hiyo kinamgusa tapeli. Mwenye duka halali anayekusumbua usiku na mchana hakimgusi. Vivyo hivyo namba 15040, ambayo Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) imewapa wananchi wapeleke meseji za kitapeli: ni jambo jema, lakini limewekwa kwa ajili ya utapeli.

Kisha likaja Bunge, hapahapa Dodoma, Novemba 2022, likapitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka huo, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tume yake ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Tunaisifu kwa haki: imesema taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo lililo wazi na zisitumike kwa lengo jingine, maneno ambayo yanakaribiana sana na mlango wa wadia tuliokwisha kuutaja. Lakini ilipofika kwenye matangazo ya biashara, haki iliyompa mwananchi ni ya kumtaka mkusanyaji aache, au asianze, kuzitumia taarifa zake kwa matangazo. Yaani mwenye nyumba ndiye apeleke notisi kwa wanaobisha hodi. Na atawapelekea wangapi? Mwishoni mwa mwaka 2024 takwimu za TCRA zilionyesha laini zaidi ya milioni 80 nchini. Sheria inayongoja kila mwenye laini amwandikie kila mfanyabiashara imempa haki anayejua kuandika barua, na bibi wa Chemba imemwachia jina la haki.

Wala hili si jambo lisilowezekana kupangwa vinginevyo. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2002, uliamua kwamba matangazo ya barua pepe na meseji yatangulie kupata ridhaa, isipokuwa kwa mteja aliyekwisha nunua na bidhaa za aina ileile. Marekani, kwa sheria ya mwaka 2003 juu ya barua pepe, ikachagua njia ya pili: tuma kwanza, asiyetaka ajiondoe. Tuna mifano miwili mbele yetu. Wa kwanza uko karibu zaidi na isti'dhan, nao umewekwa na watu ambao hawakuisoma Surat An-Nur. Sisi tunaoisoma tunangoja nini?

Kuna watakaoona tunakuza jambo dogo. Waitazame mikopo. Watu wameipa jina "kausha damu", na jina hilo linatosha kuwa maelezo. Mtu hukopa kwa programu ya simu, programu inachukua majina yote yaliyomo katika simu yake, na akichelewa kulipa meseji za kumfedhehesha huenda kwa mama mkwe, kwa mwajiri na kwa imamu wake. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni. Jirani zetu wa Kenya walitangulia: Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa nchi hiyo aliitoza kampuni ya mikopo ya Mulla Pride faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kutumia namba za watu wa tatu kuwatumia meseji na simu za vitisho. Hao watu wa tatu hawakukopa. Namba zao zilikuwemo tu katika simu ya jamaa yao. Hapo riba, ambayo ni haramu kwa nafsi yake, imeshikana mkono na kusengenya, na vyote viwili vimeingia kwa mlango uliofunguliwa na ile kauli nyepesi kwamba namba ni kitu cha hadhara.

Mfanyabiashara wa bidhaa halali atasema: mnanichanganya na wala riba na wacheza kamari. La, hatumchanganyi. Tangazo la kamari ni haramu hata likiombwa, kwa dalili ya Surat Al-Maida, aya ya 90 na 91. La kwake, lililotumwa bila idhini, tunaliona si chini ya kuwa makruhu. Na linafika haramu pale namba ilipopatikana kwa hiana, au mpokeaji alipokataa naye akaendelea. Huu ndio mwelekeo tunaouona, na wenye mamlaka ya fatwa wana nafasi ya kuupima.

Atasema pia kwamba mnadi amekuwepo sokoni tangu zama za Mtume (s.a.w.), na hakukatazwa kupaza sauti. Kweli. Lakini alikuwa sokoni. Aliyefika sokoni amekuja kusikia bei. Mtume (s.a.w.) amekataza kuwaendea wenye misafara njiani kabla hawajafika sokoni. Hatuwezi kufanya kiasi kamili hapa, kwa kuwa sababu ya katazo lile ni mwenye mali kudanganywa akiwa hajui bei, na kila anayekwenda soko la mahindi la Kibaigwa anaelewa kwa nini mkulima hataki dalali amvizie shambani. Hata hivyo katazo hilo linatuonyesha kwamba sheria imelipa soko mahali pake, na kwamba kumfuata mtu nje ya mahali hapo si jambo lisilo na mipaka. Redio, bango la barabarani na kipaza sauti cha gari vingali vyake.

Madaftari yetu wenyewe

Tusingeandika haya kwa uadilifu kama tungewaachia kampuni peke yao. Zipo kamati za misikiti, madrasa na vikundi vya safari za Hija ambavyo hukusanya namba za waumini kwa ajili ya futari, rambirambi au ujenzi, kisha namba hizohizo zikatumika kwa michango mingine, kwa matangazo ya duka la mjumbe wa kamati, na wakati wa uchaguzi kwa mambo ambayo msomaji anayafahamu. Kwamba lengo ni kheri hakubadilishi kitu. Daftari la rambirambi liliandikwa kwa ajili ya maiti yule.

Na ipo ile meseji ya kale ya wasia wa Sheikh Ahmad, anayedaiwa kuwa mlinzi wa kaburi la Mtume (s.a.w.), inayomtaka kila aipataye aisambaze na kumtishia anayeipuuza. Ilianza katika karatasi, ikahamia simu. Sheikh Abdul-Aziz bin Baz (aliyefariki mwaka 1999) aliandika kuikanusha na kuieleza kuwa ni uongo. Pamoja na hayo bado inatumwa, tena na watu wa swafu ya mbele, kwa watu ambao hawakuiomba na wakati mwingine usiku wa manane. Anayeituma kwa nia ya thawabu afahamu kwamba amekusanya mambo mawili: kumzulia Mtume (s.a.w.) na kuingia bila hodi.

Zipo meseji ambazo hatuzikusudii: tahadhari ya mafuriko kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa, taarifa ya salio baada ya muamala, tangazo la msiba kwa jamaa na jirani. Hizi ni haja, na aliyezituma yuko katika lengo ambalo namba ilitolewa kwa ajili yake.

Kwa upande wa misikiti jambo ni jepesi na halihitaji Bunge. Katika daftari la mlangoni iongezwe safu moja, baada ya jina na namba, muumini aandike mwenyewe kama anaridhia kutumiwa ujumbe na wa jambo gani. Asiyejua kuandika aulizwe kwa mdomo na aandikiwe alichosema. Aliyeiacha safu hiyo tupu asitumiwe.

Kwa upande wa sheria, kipengele cha matangazo katika sheria ya mwaka 2022 kigeuzwe, ridhaa itangulie na ithibitishwe na mtumaji, naye mwananchi asidaiwe ushahidi kwamba alikataa. Wabunge wanaoweza kulipeleka jambo hilo wanaswali Ijumaa katika misikiti ya mji huu kila kikao kinapokuwa kimeanza, na maimamu wanawafahamu kwa sura.